Kitufe Kimoja cha Kuwasha na Kuzima Taa

Walimu kadha wametuandikia kutaka tuwaeleze jambo hili: yawezekanaje kitufe kimoja cha kubonyeza, mfano wa kile cha kengele ya mlangoni, kiwashe taa mtu akibonyeza mara ya kwanza, na kuizima akibonyeza mara ya pili? Mmoja wao asema kwamba amejaribu mwenyewe kwa betri na globu, na kila aondoapo kidole taa huzimika. Swali hili ni zuri, na jibu lake lina faida kuliko linavyoonekana, maana ndani yake mna asili ya mashine zote za kuhesabu. Basi leo twapenda kulieleza kwa urefu kidogo. Wasomaji wasiopendezwa na habari za waya twawaomba wavumilie mpaka tufike kwenye mashine ya kusaga, kwa kuwa hapo ndipo penye hatari, na hatari ile yampasa kila mzee wa kijiji kuijua hata kama hajapata kushika bisibisi maisha yake.

Kwanza tutofautishe swichi na kitufe. Swichi ya ukutani ina springi ndani yake ambayo huilaza upande mmoja au upande wa pili, wala haiiachi isimame katikati. Ukiisukuma ukaenda zako, hukaa vivyo hivyo hata mwaka. Kwa hiyo swichi ina kumbukumbu: yashika neno la mwisho uliloiambia. Kitufe sivyo. Springi yake kazi yake ni kukirudisha mahali pake mara uondoapo kidole, na umeme hupita kwa muda ule tu kilipobonyezwa. Kitufe ni kama hodi. Sauti husikika, kisha hutoweka. Na ikiwa ndani ya nyumba hamna mtu, mlango haufunguki hata ukibisha mchana kutwa.

Basi lile analolitafuta mwalimu wetu halimo katika kitufe. Ni mtu wa ndani: mlinzi asikiaye hodi, autazame mlango, akiuona umefungwa aufungue, akiuona wazi aufunge. Mlinzi huyo lazima awe na mambo mawili. Awe aweza kukumbuka hali ya mlango ilivyo sasa, tena awe aweza kutenda kinyume cha hali hiyo. Yote tutakayoyaeleza hapa chini ni namna mbalimbali za kumpata mlinzi huyo.

Pengine msomaji atauliza, kwani swichi ya kawaida ina kosa gani? Haina kosa, ikiwa chumba kina mlango mmoja. Lakini fikirini jengo la shule au zahanati lenye baraza ndefu na milango minne, na watu wataka kuiwasha taa ya baraza kutoka mlango wowote na kuizima kutoka mlango mwingine. Kwa swichi za kawaida zatakiwa swichi za namna ya pekee, mbili za mwisho na nyingine za katikati, pamoja na waya nene tatu au nne kupita kutoka mlango hata mlango. Kwa vitufe yatosha jozi moja ya waya nyembamba, na vitufe vyote huning'inizwa juu yake ubavu kwa ubavu, vinne au kumi, kwa kuwa umeme upitao katika vitufe ni kidogo sana. Umeme wa taa wenyewe haufiki huko. Katika nchi za Ufaransa, Italia na Ujerumani ni jambo la kawaida taa za ujia na za ngazi kuwashwa kwa njia hii.

Mlinzi wa kwanza ni chombo kiitwacho rilei, nacho ni cha zamani: mtaalamu wa Marekani, Joseph Henry, alikifanya katika miaka ya 1830. Ndani yake mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi juu ya chuma. Waya huo mafundi huuita koili. Umeme ukipita katika koili, chuma hugeuka sumaku na kuvuta kibamba kidogo kilicho mbele yake. Umeme ukikatika, springi hukirudisha kibamba. Kibamba hicho chachukua ulimi wa shaba ambao tutauita pointi ya kati. Rilei ikiwa imelala, pointi ya kati hugusa pointi moja, nayo tutaiita pointi ya mapumziko. Rilei ikivutwa, huiacha hiyo na kugusa ya pili, tutakayoiita pointi ya kazi. Rilei nyingi zina ndimi mbili au nne zivutwazo pamoja, na kila ulimi una pointi zake. Hizo twaziita seti. Mwalimu na azishike sawasawa pointi hizi tatu kabla ya kuendelea, maana mwanafunzi akizichanganya hataelewa lolote litakalofuata.

Tuanze na somo jepesi zaidi, lenye vitufe viwili. Umeme wa kwenda kwenye koili upitishwe katika kitufe cha kuwashia. Kisha ubavuni mwa kitufe hicho tuunge pointi ya kati na pointi ya kazi za rilei ile ile. Ukibonyeza, koili hupata umeme, kibamba huvutwa, na pointi ya kazi hugusa. Sasa ondoa kidole. Umeme hauna haja ya kitufe tena, kwa kuwa umepata njia nyingine kupitia pointi ambazo rilei yenyewe imezifunga. Yaani rilei yajishika kwa mkono wake mwenyewe. Kuiachisha yatakiwa kitufe cha pili, cha namna ambayo hukata umeme kinapobonyezwa, nacho huwekwa njiani kabla ya vyote. Ukikibonyeza, koili hukosa umeme, mkono huachia, na kazi imekwisha. Tukumbuke jambo moja juu ya namna hii: umeme wote ukikatika hata kwa nukta moja, rilei hulala, na umeme urudipo haiamki mpaka mtu aje abonyeze. Husahau. Tutarudi kwenye usahaulifu huo baadaye.

Sasa twaja kwenye kitufe kimoja. Hapa lazima tuongeze kitu kiitwacho kapasita, nacho ni mfano wa kibuyu cha kutilia umeme: hujazwa, hukaa na kilichomo kwa muda, na hummwagia anayekigusa. Hila yote ni hii: taa ikiwa imezimwa, kibuyu kiwe kimejaa, taa ikiwa inawaka, kibuyu kiwe kitupu. Kitufe chetu hakitafanya neno ila kukigusisha kibuyu hicho na koili.

Vitakiwavyo ni betri ya volti 12, fyuzi ya ampea 1, rilei ya volti 12 yenye seti mbili za pointi, ambayo koili yake ina omu 300 hata 400, kitufe, taa ndogo ya LED ya volti 12 isiyozidi wati 5, kapasita ya maikrofaradi 1000 iliyoandikwa volti 25, rezista ya omu 150 ya nusu wati, na rezista ya omu 1000. Fundi yeyote atengenezaye redio mjini anavyo vitu hivi, na vyote pamoja, ukiacha betri, havina gharama kubwa.

Ungeni hivi. Mguu mmoja wa koili uende kwenye ncha hasi ya betri. Mguu wa pili tutauita mguu wa juu. Katika seti ya kwanza, pointi ya kati ipate umeme wa ncha chanya kupitia fyuzi. Pointi ya kazi iende kwenye taa, na upande wa pili wa taa urudi hasi. Kutoka pointi ile ile ya kazi, rezista ya omu 150 iende kwenye mguu wa juu wa koili. Pointi ya mapumziko ya seti hii iachwe tupu. Katika seti ya pili, pointi ya mapumziko iungwe na chanya, nayo pia baada ya fyuzi, na pointi ya kazi iungwe na hasi. Pointi ya kati iende, kwa njia ya rezista ya omu 1000, kwenye mguu chanya wa kapasita, na mguu hasi wa kapasita uende hasi. Msigeuze miguu ya kapasita: ikigeuzwa huweza kupasuka. Mwisho kitufe kiwekwe kati ya mguu chanya wa kapasita na mguu wa juu wa koili. Basi, hapana zaidi.

Natutazame litokealo. Rilei imelala, taa haiwaki. Pointi ya kati ya seti ya pili yagusa chanya, kwa hiyo kibuyu kimejaa volti 12. Bonyeza. Kibuyu chamwaga umeme wake katika koili kwa ghafula, kibamba chavutwa, taa yawaka. Na papo hapo seti ya kwanza yaanza kuilisha koili kupitia ile rezista ya omu 150. Koili sasa haipati volti 12 kamili, bali kama 8 na nusu. Lakini hizo zatosha kuishika, kama vile mtu atwikwaye mzigo: kuupandisha kichwani ni kazi kubwa, bali kuuchukua ukiisha kukaa ni kazi ndogo. Wakati huo huo seti ya pili nayo imegeuka. Pointi yake ya kati sasa yagusa hasi, na kidole kikiondoka, kibuyu chajimwaga pole pole mpaka kikauke.

Bonyeza mara ya pili. Kibuyu kitupu chagusa mguu wa juu wa koili. Kitupu kina kiu. Chanywa umeme wote upitao katika rezista ya omu 150, na kwa sehemu ndogo ya sekunde koili haipati kitu. Sumaku yafa, kibamba charudi, taa yazimika, na njia ya kuilisha koili imekwisha kukatika. Kibuyu chaanza kujaa tena kwa ajili ya zamu ijayo. Mtu akiendelea kukibana kitufe kwa ukaidi hapati kitu, maana umeme upitao katika rezista ya omu 1000 ni haba, hauwezi kuiamsha rilei. Hilo ndilo lililotupendeza sana katika mpango huu. Mtoto akilala juu ya kitufe, taa haipepesi.

Rezista ya omu 150 ndiyo wanafunzi huiona haina kazi, nao hutaka kuiondoa. Mwalimu awaruhusu waitazame kazi yake kwa kuwauliza: bila rezista hii kibuyu kitupu kingekunywa kutoka wapi? Kingekunywa kutoka betri nzima, nayo haimalizwi na kibuyu. Kapasita ingejaa kwa mara moja, koili isingehisi njaa hata kidogo, na taa isingezimika kamwe. Jaribio likishindwa kwa njia hii latufaa darasani kuliko likifaulu.

Upungufu wa mpango huu ni mmoja, nao ni kwamba taa ikiwa inawaka koili yala kama miliampea 24. Kwa usiku wa saa 12 hiyo ni zaidi kidogo ya robo ya ampea-saa. Si nyingi, lakini kwa mwenye betri ndogo ya umeme wa jua yafaa aihesabu. Tena kati ya bonyezo na bonyezo ngojeni sekunde 3 hivi, kibuyu kipate kujaa au kukauka. Ikiwa rilei yenu ni nzito na haikubali kuachia, jaribuni kapasita ya maikrofaradi 2200, nanyi mngojee muda mara mbili.

Kuna jambo jingine ambalo twataka kulieleza, kwa sababu tumeona madhara yake kwa macho. Vipande viwili vya chuma vikigongana havitulii mara moja. Dondosheni nyundo juu ya fuawe: itaruka mara mbili tatu kabla ya kukaa. Ndivyo zilivyo pointi za kitufe. Kidole kibonyezapo mara moja, pointi hugusana na kuachana mara kadha katika muda wa elfu chache za sekunde, na kitufe kilichochakaa huzidi hapo. Rilei ni nzito, haiwahi kuyahisi hayo. Lakini vyombo vya siku hizi vya transista ni vyepesi mno; kila mruko huuhesabu kuwa ni bonyezo jipya.

Tulifika katika zahanati moja, ambayo hatutaitaja, ambapo fundi mwenye bidii alikuwa ameweka kitufe cha namna hii penye kitanda cha kujifungulia na kingine mlangoni, ili mkunga asilazimike kuvuka chumba gizani. Wazo lilikuwa jema. Lakini kitufe alikiunga moja kwa moja na chombo cha kumbukumbu. Ikawa mkunga akibonyeza, pengine taa yawaka, pengine yawaka na kuzimika kabla hajaondoa kidole, maana miruko ikiwa ya hesabu shufwa taa hurudi ilikokuwa. Mama yule mkunga alituambia kwamba usiku mmoja, mtoto akiwa njiani, alibonyeza mara nne asipate taa, akamaliza kazi kwa kurunzi iliyoshikwa na nyanya wa mtoto. Mtoto alizaliwa salama. Toka siku ile mkunga hakukigusa tena kitufe kile, na hatukuona sababu ya kumlaumu. Dawa yake ilikuwa rezista moja na kapasita moja ndogo, pamoja na kilango tutakachokitaja sasa hivi. Mpango wetu wa kibuyu hauna ugonjwa huu, kwa kuwa kibuyu kikiisha kumwagwa hakijai kwa elfu chache za sekunde, pointi ziruke zitakavyo.

Kwa walimu wa sekondari watakao kwenda mbele, twataja kwa ufupi mlinzi asiye na kitu kitikisikacho. Mwaka 1918 Waingereza wawili, Eccles na Jordan, waliomba hataza ya mpango wa vali mbili za redio zilizounganishwa hivi kwamba kila moja yamzuia mwenziwe. Ni kama watu wawili wenye kiti kimoja: akiketi huyu, yule husimama, wala hapana hali ya tatu. Msukumo mdogo huwafanya wabadilishane, kisha hukaa hivyo mpaka msukumo mwingine uje. Vali zilipopita, mahali pake pakachukuliwa na transista, na kumbukumbu za namna hii zimo kwa maelfu mengi ndani ya simu aichukuayo mtu mfukoni.

Kipande kiitwacho CD4013 kina kumbukumbu mbili ndani yake na miguu 14, nacho hufanya kazi kwa volti 3 hata 15. Mguu wa 14 ni chanya, wa 7 ni hasi. Ungeni mguu wa 5 na mguu wa 2, maana yake kila mara kipande kiambiwe "sasa fanya kinyume". Hodi iingie mguu wa 3. Jibu hutoka mguu wa 1, nalo lapelekwa kwenye transista ambayo ndiyo iwashayo taa, maana kipande chenyewe ni dhaifu. Mguu wa 6 na miguu ya kumbukumbu ya pili isiyotumika, yaani 8, 9, 10 na 11, yote iende hasi. Ikiachwa hewani kipande huwa kama mwenye wazimu. Mguu wa 4 ndio wa kusahaulisha. Uungwe na hasi kwa rezista ya omu 100,000 na na chanya kwa kapasita ya maikrofaradi 0.1, ili kila umeme uingiapo upya taa ianze ikiwa imezimwa. Na kati ya kitufe na mguu wa 3 wekeni rezista na kapasita za kutuliza miruko, kisha kilango cha Schmitt, kama vile CD40106, ambacho hugeuza mwinuko wa pole pole kuwa hodi moja kavu. Otto Schmitt aliyekibuni mwaka 1934 alikuwa angali mwanafunzi huko Marekani, na wakati ule alikuwa akichunguza mishipa ya fahamu ya ngisi. Wavuvi wetu wa pwani wamewashika ngisi wangapi bila kujua kwamba mna elimu ya umeme ndani yao!

Madukani pia mna rilei ya mpigo. Ndani yake mna kigurudumu cha meno ambacho kila mpigo wa umeme hukisogeza jino moja: jino hili lafunga pointi, jino lifuatalo lazifungua. Faida yake ni kwamba haili umeme wowote ikiisha kugeuka, tena umeme ukikatika hubaki hapo hapo ilipokuwa. Kwa taa za baraza hatujui iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini maneno hayo, "hubaki hapo hapo ilipokuwa", ndiyo yatuletayo kwenye mashine ya kusaga.

Katika kijiji kimoja mwenye mashine alikuwa amesikia habari za rilei ya mpigo, akaipenda. Akaweka kitufe kimoja ukutani: bonyeza, mashine yazunguka, bonyeza tena, yasimama. Ilifanya kazi vizuri miezi kadha, na watu wakaja kuitazama. Siku moja umeme ulikatika katikati ya kusaga. Mashine ikasimama, mahindi yakabaki ndani yakiwa yameziba. Kijana wake alikibonyeza kitufe ili kuizima, kama alivyofundishwa, naye kwa haki aliona amefanya yapasayo. Lakini umeme ulikuwa haupo. Hodi bila umeme si hodi. Gurudumu la meno halikusogea, na rilei ikabaki katika jino la kuwasha. Kijana akafungua kifuniko akaanza kuyatoa mahindi kwa mkono. Tulikuwa tumesimama mlangoni pamoja na wanawake waliongoja unga wao. Akauondoa mkono ili kukung'uta pumba, na wakati ule ule umeme ukarudi, mashine ikaanza kuzunguka wazi wazi mbele yake. Hapakuwa na mtu aliyesema neno kwa muda. Kijana alikaa chini juu ya gunia akaitazama mikono yake.

Msomaji na atazame kosa lilikuwa wapi. Rilei haikuharibika. Ilifanya kwa uaminifu kazi iliyoumbiwa, yaani kukumbuka. Kosa ni kumpa kazi ya mashine mlinzi asiyesahau. Mashine yenye meno, mkanda, panga au msumeno yahitaji mlinzi msahaulifu, yule wa vitufe viwili tuliyemweleza mwanzoni, ambaye umeme ukikatika hulala, na umeme urudipo hungoja mtu. Mafundi humtumia mlinzi huyo mwenye pointi kubwa na kumwita kontakta. Kitufe chake cha kusimamishia ni chekundu, nacho hufanya kazi kwa kukata njia, wala si kwa kupeleka umeme. Kwa hiyo hata waya wake ukitafunwa na panya, mashine husimama. Kwa kitufe kimoja cha kugeuza, waya ukikatika mashine haisimamishiki.

Tena kuna sababu ya pili ambayo haitokani na umeme, bali na tabia ya binadamu. Mtu aliyeshikwa na hofu habonyezi mara moja. Nguo ikinaswa na mkanda, aliye karibu atakigonga kitufe mara mbili, mara tatu, kwa nguvu zake zote. Kikiwa kitufe chekundu cha kusimamisha, mara tatu ni sawa na mara moja. Kikiwa kitufe cha kugeuza, mara ya kwanza yaisimamisha mashine, na mara ya pili yaiamsha tena. Kwa hiyo wazee wakiulizwa na mwenye mashine, nao wakaona kitufe kimoja tu ukutani, wamwambie aite fundi abadilishe kabla ya msimu wa mavuno, tena kabla fundi hajafika asiguse ndani ya mashine pasipo kukata swichi kubwa.

Neno moja la mwisho kwa walimu watakaofanya jaribio la kibuyu. Yote tuliyoeleza ni ya betri ya volti 12, ambayo haimdhuru mtu kwa mguso. Umeme wa nyumbani wa volti 230 huua. Kazi yake iachiwe fundi mwenye leseni, na vitufe vya barazani vibaki katika volti 12 siku zote. Jaribio likiisha kukamilika mezani, msilitundike ukutani bado. Iwasheni taa, kisha mfungue waya mmoja wa betri, mhesabu mpaka kumi, mwurudishe. Taa isiwake. Izimeni, mfanye vivyo hivyo; isiwake tena. Kisha wanafunzi wanne wabonyeze vitufe vinne kwa zamu, wakingoja sekunde 3 kila mmoja, na wa tano aandike ubaoni kila bonyezo na hali ya taa. Mabonyezo 40 yakipita pasipo kosa hata moja katika orodha yake, chombo ni cha kutundikwa.